Kazi za Nyumbani za Nani? Meza ya Staa na Mkeka wa Manzese

Kuna klipu imezunguka wee mpaka imechosha. Staa mmoja wa filamu za Bongo, jina kapuni, anawaonyesha wafuasi wake kona ya kusomea ya mwanawe wa darasa la tatu: meza nyeupe, kiti cha kuzunguka, taa yenye umbo la twiga, tableti, na ukutani ratiba ya wiki nzima iliyochapishwa kwa rangi. Mtoto amekaa pale kama meneja wa benki. Maneno chini ya klipu yanasema malezi ni uwekezaji.

Mastaa wenzake wakamwaga makopakopa. Wamama wa uswahilini wakashuka na swali moja tu: mwenye chumba kimoja na watoto watatu hiyo meza aiweke wapi, juu ya friji?

Swali la haki kabisa. Shida ni kwamba wengi waliouliza walikuwa wameshajijibu kimoyomoyo: kwetu haiwezekani, kwa hiyo mtoto afanye homuweki akijisikia, asipojisikia basi, Mungu atamfungulia njia nyingine. Hapo ndipo pa kubishana.

Manzese, nyuma ya Tip Top, kwenye vichochoro ambavyo bajaji inaingia kwa kuomba radhi, kuna mama mmoja anauza supu na chapati asubuhi na mihogo ya kukaanga jioni. Nyumba ina wapangaji saba, choo kimoja, LUKU moja ya kuchangia. Elimu yake ni darasa la saba. Baba watoto ni dereva wa lori la kwenda Tunduma, anaonekana kwa msimu kama maembe. Watoto wawili, binti wa darasa la sita na mvulana wa darasa la nne, wote shule ya serikali.

Mwaka jana mvulana huyo alimtoa mama yake jasho. Mwalimu alimwita shuleni, akamfungulia daftari la hisabati: kurasa nzima zina wino mwekundu, kazi haijafanywa, kazi haijafanywa. Zile chache zilizofanywa zilikuwa zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mwenzake, hadi makosa yake. Na chini kulikuwa na sahihi ya mzazi, safi kabisa, ambayo mzazi hajawahi kuiweka. Dogo alikuwa anajisainia mwenyewe. Muda wa homuweki alikuwa kwenye kibanda umiza, anaangalia muvi za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Siku hiyo alichapwa. Kitaa chote kilisikia. Kesho yake akafanya homuweki kwa kutetemeka, keshokutwa pia, wiki iliyofuata akarudi kule kule, ila sasa akawa anaficha daftari kabisa. Yaani kiboko kilimfundisha kuficha vizuri zaidi. Wazazi wengi hapa huongeza dozi. Huyu mama akafanya kitu kingine, akauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: huyu mtoto, kwa siku nzima, ni saa ngapi hasa anaweza kukaa na daftari?

Wakapiga hesabu. Shule anatoka saa 8 na nusu mchana. Saa 10 madrasa. Akirudi, giza linakaribia, mama yuko kwenye karai la mihogo mpaka saa 3 usiku, na jirani ana spika ambayo singeli ikianza kikombe kinacheza mezani. Homuweki ilikuwa imepangiwa saa 3 usiku, baada ya mama kufunga biashara, chini ya balbu ambayo LUKU ikiisha hakuna anayekubali kuwa ni zamu yake. Mtoto wa miaka kumi, saa 3 usiku, na sehemu za hisabati. Hata mtu mzima angekimbilia kibanda umiza.

Ikahamishwa ikawa saa 9 alasiri. Mtoto akitoka shule anakula, anapumzika kidogo, halafu mkeka unatandikwa kibarazani, na mama anakaa pembeni anamenya mihogo ya jioni. Kumenya mihogo ni kazi ambayo lazima ifanyike kila siku, kwa hiyo saa ya homuweki nayo haikosi. Mwanga ni wa jua, bure. Spika ya jirani bado imelala. Simu ya mama inawekwa ndani kwenye ndoo ya unga, na hii sheria inamhusu mama pia, jambo ambalo amekiri lilimuuma kuliko watoto. Wale wenye watoto wa zamu ya mchana, maana shule kadhaa za Dar zina zamu mbili, saa yao itakuwa asubuhi. Hakuna saa moja takatifu. Kuna saa ambayo nyumba hiyo inaweza kuishika kila siku.

Na siyo muda mrefu. Marekani walimu wengi hufuata kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa, kwamba wa darasa la kwanza dakika 10, wa darasa la nne dakika 40, basi. Mtoto anayekalishwa saa mbili na nusu kila siku anafundishwa kuchukia daftari tu.

Lakini kuna swali linalowatoa wazazi wengi mbio: mzazi asiyejua hizo hesabu atasaidiaje? Huyu mama sehemu alishazisahau tangu shule. Anachofanya ni kuuliza, "Hapa umefanyaje?" Dogo anaeleza. Akieleza akafika mwisho, wanaendelea. Akikwama katikati ya maelezo, swali linazungushiwa duara kwa penseli, linaachwa wazi, na kesho dogo anampelekea mwalimu lile duara. Mama hatoi jibu. Hata angekuwa nalo asingetoa. Mwalimu wa shule ya serikali Dar, ambaye darasa la watoto zaidi ya 100 kwake si habari ya kushangaza, hana muda wa kumchimba kila mmoja ajue amekwama wapi. Duara linamwonyesha chap.

Sasa turudi kwenye meza nyeupe. Watu wa karibu na nyumba ile wanasema anayekaa chini ya taa ya twiga mara nyingi ni dada wa kazi. Mtoto anaamshwa saa 10 usiku kwa sababu basi la shule linapita saa 11 alfajiri, anarudi jioni amechoka hoi, mwalimu wa tuisheni anamkuta anasinzia, na homuweki inayobaki dada anaimalizia kwa mwandiko wa kuigiza wa kitoto. Shuleni anapata vema zote. Kwenye mtihani, ambako dada haruhusiwi kuingia, mambo ni tofauti.

Asisulubiwe sana huyo staa. Anashuti usiku, anatafuta hela, na bado anataka aonekane mama bora, presha ambayo anayelaumu kwa mbali haijui. Zamani wenye uwezo walikuwa na njia ya mkato: mtoto mdogo anapelekwa bweni, homuweki inakuwa shida ya matroni. Mwaka 2023 serikali ikapiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, na wazazi kibao wakajikuta na mgeni nyumbani ambaye hawakuwahi kumwona akiandika. Meza ilinunuliwa. Wa kukaa karibu nayo hakupatikana. Na hilo ndilo la kusema wazi: mama muuza mihogo kamzidi staa kwa kitu kimoja tu, yupo, kila siku, saa ile ile, na hashiki kalamu ya mtoto.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu ya kushea. Bahati mbaya kuna binti.

Kiswahili chenyewe kina mtego hapa. Kazi za nyumbani ni zile za mwalimu, na pia ni vyombo, kudeki, kuchota maji, kuosha masufuria ya supu. Mvulana alipopewa mkeka saa 9 alasiri, dada yake wa darasa la sita alikuwa uani na beseni, maana vyombo vya biashara ya asubuhi lazima viwe safi. Yeye homuweki yake alikuwa anafanya saa 4 usiku, kitandani, kwa tochi ya simu, huku mdogo wake amelala. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuwahi kuitiwa mzazi shuleni. Anafaulu, hasumbui, kwa hiyo haonekani. Mama akisifiwa na majirani kwa kumbadilisha dogo, binti anasuuza sufuria anasikiliza.

Aliyelitoa ni yule yule mdogo mtu, siku moja kibarazani, akieleza hesabu zake akakwama, akasema bila kuwaza, "Dada ananionyeshaga usiku." Usiku gani? Hapo ndipo mama akajua binti analala saa ngapi, na kwamba maduara mengi ya penseli yalikuwa yanafutwa gizani na mtu aliyeosha vyombo mchana kutwa.

Ukipita nyumba nyingi za Manzese, na za Masaki pia tusidanganyane, mtoto wa kike ndiye mwenye kazi za nyumbani za aina zote mbili. Watu wanapanga ratiba ya homuweki ya yule anayeleta kesi. Anayejiendesha mwenyewe anaongezewa beseni.

Siku hizi saa 9 alasiri mkeka una watoto wawili. Sufuria zinasubiri uani zimefunikwa sinia, na wateja wa supu hawajalalamika. Jumanne na Alhamisi anaosha mvulana. Analalamika kinoma, na vikombe viwili vimeshavunjika.