Mfupa wa Ishango na Imani Yetu

Wako ndugu Wakristo wanaosema ya kuwa makumbusho ya mageuzi ya viumbe ni adui wa imani. Sisi twakataa. Papa Pio XII, mwaka 1950, hakukataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu. Alifundisha ya kuwa roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka ule ule, kule Ishango, kaskazini ya Goma, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye alama zilizochanjwa na watu wa kale, yapata miaka 20.000 iliyopita. Leo umo katika makumbusho ya Brussels, nao watoto wa Goma sharti wavuke bahari ndipo wauone. Tukiendelea kuogopa mifupa, nani ataudai? Anayemwamini Muumba haogopi kazi yake.