Butembo: Aliyechagua tasheroni kwa bei ya chini asikimbie deni la vibarua

Vita haijazuia Butembo kujenga. Katikati ya mji na kando ya barabara ya kwenda Beni, etaje zinaendelea kupanda: maduka ya kupangisha, depo, hoteli, nyumba za mikutano. Simenti na vyuma vinaingia kwa Kasindi, matofali yanachomwa pembeni ya mji, mchanga unatolewa mitoni. Na anayebeba vyote hivyo kichwani na mabegani, siku hizi, mara nyingi ni mtu aliyefika hapa akikimbia. Kuna waliotoka Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, na kuna waliotangulia kukimbia mauaji ya upande wa Beni na Mambasa. Mashamba wameyaacha. Kilichobaki ni nguvu ya mwili, na shantie ndiyo soko la nguvu hiyo.

Kwenye soko hilo ndipo wanapoibiwa, na mwizi hashiki bunduki. Wanaibiwa siku ya Jumamosi, saa kumi ya jioni, wakati kapita anafungua daftari na kusema kwamba tasheroni hajafika. Jumatatu hajafika. Simu yake haipiti. Wiki ya pili inajulikana kwamba alikwisha kupokea makuta yote ya kazi ya msingi, akapata shantie nyingine katika mji mwingine, akaenda zake. Vibarua wamebeba mawe bure. Wanakwenda kwa mwenye jengo: "Papa, hata ya unga tu." Naye anajibu: "Mimi nililipa. Muulizeni aliyewaita."

Jibu hilo linasikika kila upande wa mji, katika Kimemi kama katika Bulengera, na watu wamelizoea hadi wanaliona ni la haki. Si la haki. Aliyemwita aliyewaita ni nani?

Mfanyabiashara wa Butembo si mtu wa kudanganywa kirahisi. Hatumi mali yake kutoka Kampala kwa dereva asiyejua nyumbani kwake, ukoo wake na deni zake. Anauliza watu watatu, wanne, kabla ya kumkabidhi ufunguo wa lori. Lakini mtu huyo huyo anampa etaje nzima fundi aliyekutana naye juzi kwenye matanga, kwa sababu devi yake ilikuwa ya chini kuliko za wengine. Au anampa shemeji yake, kwa sababu mke amesema. (Shemeji huyo akiharibu, hafukuzwi, anaombewa msamaha mezani, na ukuta unabaki umepinda.)

Tazama kazi inavyogawanywa. Mwenye jengo anaita mtu mmoja anayejiita antrepreneri. Huyo hana hata mashine ya kuchanganya beto. Anakata kazi vipande: msingi na nguzo kwa tasheroni mmoja, kuta kwa mwingine, mbao na mabati kwa wa tatu, bomba kwa wa nne, umeme kwa wa tano. Kila tasheroni anapewa kipande chake kwa bei moja ya jumla, na watu wa kazi anawatafuta mwenyewe. Wakati mwingine naye anampa mwingine chini yake, akikata sehemu yake kwanza. Kugawa kazi hivyo si kosa. Fundi wa mabati si fundi wa umeme, na hakuna nyumba kubwa inayojengwa na mkono mmoja. Kosa ni kugawa halafu kulala. Fundi wa bomba anafika nguzo zimekwisha kumwagwa, hakuna aliyemwachia tundu, anachukua nyundo na kupasua boriti ili bomba lipite. Anayepanga chini ya boriti hiyo hataambiwa.

Na ile bei ya chini inatoka wapi? Simenti inapita mpaka ule ule wa Kasindi kwa kila mtu. Vyuma ni vile vile, ushuru ni ule ule, barabara mbaya ni ile ile. Tasheroni anayeshusha bei kupita wenzake hana duka la siri anakonunua kwa bei ya nusu. Basi kuna mahali pawili tu pa kukata: ndani ya beto, na ndani ya mshahara wa kibarua. Mara nyingi anakata pote pawili.

Ndani ya beto hesabu si ngumu. Kwa nguzo na boriti, kipimo ambacho mafundi wanafundishwa ni kilo 350 za simenti kwa meta kibo moja, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Tasheroni mwenye haraka anaweka 5, anaongeza maji ili ishuke vizuri kwenye kofraje, na siku hiyo hakuna anayeona tofauti. Pete za chuma zinazofunga nguzo, badala ya kukaribiana, zinaachana urefu wa mkono. Beto inahitaji kumwagiliwa maji walau siku 7 isikauke mbio, na nguvu yake inapimwa baada ya siku 28. Yeye anatoa mbao mapema, kwa sababu mbao ni za kukodi na shantie nyingine inazingoja. Kisha rangi inapakwa, na nyumba inapendeza. Upande huu hauko mbali na Ruwenzori: tetemeko la 20 Machi 1966 liliua watu Uganda na hapa Kongo pia, wakati etaje za leo hazijakuwapo.

Ndani ya mshahara hesabu ni rahisi zaidi. Mtu aliyekimbia vita hana shahidi. Hajui nyumba ya tasheroni. Hana mkubwa wa kumpigia simu kwa mairi, na akipiga kelele anaogopa kuulizwa ametoka wapi na karatasi zake ziko wapi. Kwa hiyo wako matasheroni wanaomchagua kwa sababu hiyo hasa. Kijana wa mtaa angerudi na ndugu zake kudai. Mama wa Kanyabayonga anayeponda mawe atarudi peke yake, mara mbili, halafu ataacha, kwa sababu siku ya kudai ni siku ya kukosa kazi nyingine. Jioni hiyo watoto wanalala na chai, na nyumba iliyowapokea inaanza kuchoka nao.

Wenye majengo wanasema sheria iko upande wao. Waisome vizuri. Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo bado inatumika Kongo, inasema kwamba masoni, maseremala na wafanyakazi wengine waliotumiwa kwenye jengo wanaweza kumdai mwenye jengo mwenyewe, lakini kwa kiasi cha deni alilobaki nalo kwa antrepreneri wakati wanapodai. Maana yake: pesa ambayo bado iko mkononi mwa mwenye jengo, kibarua anaweza kuifikia. Pesa aliyokwisha kuitoa yote mbele, imeenda. Mtu anayemlipa tasheroni yote kabla ya kazi hajajidhuru peke yake. Amefunga pia mlango mmoja ambao sheria ilimwachia mbeba mawe.

Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya kugawa kazi kwa makampuni madogo, katika sekta ya watu binafsi, inakataza kampuni kubwa kugawa zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya kazi. Inatajwa sana Kinshasa na kwenye migodi ya Katanga. Kwenye shantie za Butembo, ambako yule anayejiita antrepreneri hafanyi hata asilimia 10 kwa mikono yake, ni nani amewahi kuulizwa? Na Kodi ya Kazi ya 2002 inasema kwamba mtu wa kazi ya siku akikwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Wako watu mjini hapa waliobeba matofali kwenye jengo moja tangu msingi hadi mabati, na bado kapita anawaita "wale wa leo".

Kumchagua tasheroni wa kweli hakuhitaji injenia kutoka mbali. Usiangalie nyumba anayoijenga sasa. Nenda uone aliyoimaliza miaka miwili iliyopita, na uende siku ya mvua. Angalia pembe za madirisha, mahali mabati yanapokutana na ukuta, na choo. Pita kwenye duka analokopa simenti, uulize kama analipa. Kisha, na hili karibu hakuna anayelifanya, waulize vibarua wake wa zamani. Mwenye nyumba aliyejengewa atamsifu, kwa sababu hataki kusema alidanganywa. Kibarua hana aibu hiyo. Atakuambia kama Jumamosi ilikuwa Jumamosi, nani alilipa dawa siku mtu alipoanguka kwenye ngazi za mbao, na mifuko mingapi ilifunguliwa siku ya dali.

Ukishamchagua, andika. Karatasi moja inatosha, mbele ya mashahidi: kipande gani cha kazi, nani ananunua vifaa, kazi ikifika wapi analipwa kiasi gani, akichelewa inakuwaje, nani anamtibu aliyeumia. Mpe cha kuanzia, si vyote. Lipa kila hatua ikiisha na kuonekana, na shika sehemu ya mwisho hadi mvua kubwa ipite juu ya jengo na vibarua wote wawe wametia sahihi au kidole kwamba wamepata chao. Mifuko mitupu ya simenti ihesabiwe kila jioni na kuwekwa mahali pamoja. Daftari la majina likae kwa mwenye jengo pia, si kwa kapita peke yake. Na Jumamosi, pesa ya vibarua ihesabiwe hadharani, kila mtu jina lake na mkono wake.

Wenye majengo watasema hizo ni kazi za watu wasio na biashara. Lakini wanapata nafasi ya kusimama Kasindi kungoja mali yao, na wanahesabu katoni moja moja. Tena, wanaofanya hivyo mjini wapo, na majengo yao yanajulikana: vibarua wanagombania kwenda huko.

Haki pia itendewe matasheroni. Wengi wao ni mafundi waaminifu, na wao nao wanaliwa. Mwenye jengo anabadilisha mpango katikati, anaongeza chumba bila kuongeza franka, anasema mali imekwama mpakani, analipa baada ya miezi. Tasheroni anabaki kati ya deni la duka na macho ya watu wake, mpaka anaingia kwenye kile kifungu cha 15 ambacho kila Mkongo anakijua bila kukisoma. Karatasi iliyoandikwa inamlinda yeye kama inavyomlinda anayempa kazi. Ndiyo sababu tasheroni anayekataa kuandika, na mwenye jengo anayekataa kuandika, wote wawili wana jambo wanaloliona mbele ambalo kibarua bado hajaliona.

FEC ya Butembo, ambayo inakusanya wafanyabiashara hao hao, ingeweza kuanza na daftari moja lililo wazi kwa wote: tasheroni gani alimaliza kazi, tasheroni gani aliacha watu bila mshahara, na mwenye jengo gani hakulipa. Inspeksyo ya kazi ingeweza kupita kwenye shantie siku ya Jumamosi jioni, badala ya kungoja ofisini mtu ambaye hana nauli ya kufika. Mairi inatoza pesa kwa ruhusa ya kujenga. Kwenye ruhusa hiyo iandikwe nani anajibu kwa mshahara wa watu wa kazi.

Kwa wanaobeba mawe leo, hakuna haja ya kungoja hayo. Kila siku ya kazi iandikwe kwenye kidaftari au nyuma ya kitabu cha mtoto: tarehe, jina la kapita, mahali pa jengo, pesa iliyosemwa, na majina mawili ya waliokuwa pamoja nawe. Zihesabuni hizo siku 22. Siku ya kwanza, kabla ya kuinua jiwe, ulizeni jina la mwenye jengo, si la tasheroni tu. Tasheroni akikosa Jumamosi moja, nendeni kwa mwenye jengo Jumamosi ile ile, wote pamoja na daftari mkononi, kabla hajamlipa hatua inayofuata.