Msitu Haulindwi kwa Fadhili Pekee

Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, wenye takriban kilomita 420 mraba, ndio mkubwa zaidi kati ya misitu mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Hata hivyo, mzazi aishiye kandokando yake, ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, hauoni msitu, huona makaa.

Ndiyo maana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka wa 1993 kwa msaada wa wafadhili, ulikuwa wa busara. Uliwafundisha wakulima kufuga vipepeo wa msitu huo na kuuza vifukofuko vyao ng'ambo. Msitu ukifyekwa, riziki hiyo nayo hukatika. Vivyo hivyo, shirika la A Rocha Kenya huwalipia karo ya sekondari watoto wa majirani wa msitu, kutokana na michango na ada za watalii wanaozuru hori ya Mida. Familia hizo nazo huahidi kuutunza msitu.

Wapo wanaoonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanasema kweli: mfadhili huweza kuondoka kesho. Basi msaada na upimwe kwa kile kinachobaki baada yake. Ukiacha ujuzi na elimu, umejenga. Ukiacha vibao vya majina tu, umepotea bure.

Walimu na wanafunzi, msingojee mgeni. Kitalu cha miche shuleni ni mchango pia, na mwenyewe hahami.