Kontrakta Mdogo na Malipo Yake

Baadhi ya wenzetu makarani huuliza: huyu kontrakta mdogo ni nani, hata jina lake halimo katika mkataba? Twajibu kwamba mwenye jengo hupatana na kontrakta mkuu. Naye mkuu, kwa kuwa hana mafundi wa kila kazi, humpa mmoja mabomba, mwingine umeme, mwingine rangi. Hao hawana mapatano na mwenye jengo. Wasipolipwa, humdai mkuu tu. Naye akifilisika, huambulia kidogo au wakakosa kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza tarehe 15 Januari 2018, ilipoanguka kampuni ya Carillion. Wadai wapatao 30,000, wengi wao wadogo, walikuwa wakiidai paundi kama bilioni 2. Masharti yake yalikuwa kuwalipa baada ya siku 120. Fikirini, ndugu: fundi amekwisha nunua saruji na kulipa vibarua, kisha angoje miezi minne! Huyo amekuwa benki ya tajiri, tena benki isiyopata faida. Hospitali ya Liverpool iliyotazamiwa kumalizika 2017 ilifunguliwa 2022.

Sisi tushikao mafaili tusijitenge. Yafaa, kabla hati ya malipo ya mkuu haijapitishwa, aonyeshe stakabadhi kwamba wadogo wamelipwa kwa kazi iliyotangulia. Wapo watakaosema huko ni kujitia katika mapatano ya watu wengine. Hatukubali, kwani fedha ni za kodi. Twaomba jambo hili lisemwe katika mkutano ujao wa chama.