Paa bovu lina fundi, hati mbovu haina

MPENZI msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale waliochoka kumlipa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi na kubaki na risiti mkononi. Umesikia kwamba kule Nyandarua, Laikipia au Trans Nzoia kuna nyumba kuukuu inauzwa pamoja na ekari moja au mbili za shamba. Paa linavuja na madirisha hayana vioo, lakini bei ni nafuu. Tayari unajiona ukikama ng'ombe asubuhi na watoto wakikimbizana nyasini.

Simkatazi mtu ndoto hiyo. Nyumba inayovuja ina dawa yake: fundi, mabati na misumari. Lakini kuna mambo matatu ambayo hakuna fundi wa kuyatengeneza ukishatoa pesa. La kwanza ni karatasi zenye kasoro, la pili ni ukosefu wa maji, na la tatu ni mke au mume ambaye hakutaka kuhamia huko. Yachunguze hayo kabla hujaegemeza ngazi ukutani kuhesabu matundu ya mabati.

KARATASI KWANZA

Mashamba mengi ya Nyandarua yaligawanywa kuanzia 1962, wakati mashamba ya walowezi yalipokatwa na kuuziwa wananchi kwa mkopo. Wengi wa waliogawiwa wamekwisha kufariki, na si ajabu kukuta shamba lingali kwa jina la marehemu. Hapo ndipo wanunuzi huumia.

Namjua mama mmoja, mwalimu, aliyekwenda na mumewe kuona nyumba ya mawe iliyojengwa na mlowezi. Muuzaji alikuwa kifungua mimba wa familia hiyo, kijana mcheshi ambaye aliwakaribisha chai na viazi, kisha akawaomba malipo ya kwanza papo hapo. Alidai mnunuzi mwingine angefika Jumatatu. Mume alikuwa ameshatoa kitabu cha hundi. Mama akauliza swali moja tu: "Hati ina jina la nani?"

Ilikuwa na jina la baba yake kijana, ambaye alikuwa amefariki zamani. Kulikuwa na ndugu wengine wawili na dada aliyeolewa mbali, na huyo dada hakuwa amesikia lolote kuhusu kuuzwa kwa boma la baba yao. Mume na mke wakarudi Nairobi na akiba yao yote. Familia ile ililazimika kwenda mahakamani kwanza, na shughuli hiyo ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Nyumba waliipata mwishowe, na dada yule alikuwapo na akatia sahihi kwa hiari yake.

Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mali, na mabinti walioolewa ni watoto wa marehemu sawa na wana wa kiume. Anayekuambia "sisi tumeshaelewana nyumbani" hajakupa kitu cha kushika.

Kwa hivyo fuata hatua hizi. Fanya upekuzi rasmi katika msajili wa ardhi, ule ambao watu huuita sachi, ujue mwenye hati ni nani na kama kuna mkopo au zuio. Mwite mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mpaka, kwa maana ua wa michongoma hauthibitishi mpaka. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule wa muuzaji. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi ni lazima, na maombi hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Bila idhini hiyo, sheria inauhesabu mkataba wenu kuwa bure.

Usisahau ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani yake. Mnunuzi ndiye anayeulipa. Wengi humaliza pesa zote kwenye bei, kisha wakakwama hapo.

MAJI NA NYUMBA YENYEWE

Nenda ukaione nyumba wakati wa kiangazi ili ujue kama kisima hukauka, na urudi mvua inaponyesha. Mvua haina unafiki. Itakuonyesha kila tundu ambalo rangi mpya imeficha. Waulize akina mama wa jirani wanateka maji wapi mwezi wa Februari. Hao hawana cha kukuuzia, na watakuambia kweli.

Beba bisibisi. Idunge kwenye mbao za paa na miimo ya milango. Ikizama kama inayodunga ndizi mbivu, mchwa wamekutangulia. Tazama nyufa pia. Ufa mwembamba kwenye lipu si neno, lakini ule unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, mpana kiasi cha kuingiza kidole, huenda ukawa dalili kwamba msingi unatitia. Muulize mwashi kabla hujamuuliza muuzaji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayenunua nyumba kuukuu hana budi kujua mapema ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomngoja.

Na kama paa ni la asbesto, kama yalivyo mapaa mengi ya zamani, usimruhusu fundi kulivunja kwa nyundo. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni ya NEMA, na gharama yake itolewe kwenye bei mnapopatana.

Ukishanunua, anza na paa. Unapoagiza mabati, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32, ingawa nambari yake ni ndogo. Weka mifereji ya maji na tangi siku hiyo hiyo. Paa la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 25 hukusanya karibu lita 2,000. Baadaye shughulikia choo, ukikiweka mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, kisha umeme, kisha madirisha. Rangi na mapazia ni vya mwisho. Wapo wanaoanza na mapazia kwa sababu wageni wanakuja Krismasi!

WATU WA NYUMBANI

Sasa tufike pale penye uzito. Mara nyingi baba hubaki Nairobi kikazi, na mama ndiye anayelala katika nyumba ile yenye milango inayolialia, akiwa na watoto na mbwa mmoja. Jioni anaporudi kisimani hana wa kuzungumza naye. Sheria inataka idhini ya mwenzi katika kuuza au kuweka rehani makao ya ndoa, lakini wakati wa kununua hakuna ofisi itakayomuuliza mkeo kama anataka kuishi pale. Muulize wewe, na usikilize jibu hata kama si lile ulilotaka. Ikiwezekana, pangeni chumba katika soko la karibu kwa miezi mitatu mjaribu kwanza. Kodi ya miezi mitatu ni ndogo kuliko ndoa yenye nyufa.

Majirani nao wana hati yao isiyoandikwa. Huenda njia ya kwenda mtoni imekatiza shamba lako tangu enzi za babu zao. Kabla hujaiziba kwa seng'enge, kaa na wazee na naibu wa chifu mzungumze. Ukisikia kuna matanga, nenda ukaketi na watu, hata kama hukumjua marehemu. Jiunge na chama cha akina mama au ushirika wa maziwa. Siku moo atakapoanguka mtaroni usiku, aliyekuuzia nyumba hatakuwapo. Atakayekuja na kamba na tochi ni jirani.

Basi, mpenzi msomaji, ukiambiwa nyumba ni ya bei rahisi lakini lazima ulipe leo, mwambie muuzaji utarudi na mwenzako, wakili na mpima ardhi. Kama nyumba ni yake kweli, atakungoja.

Hadi Jumapili ijayo, kaeni salama.