Magadi ya Ceres: Istilahi za Kiswahili na Picha za Sayari Kibete

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umekuwapo tangu enzi za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na kwa sehemu kubwa umezunguka swali moja: neno litoholewe, litafsiriwe, au libuniwe? Swali hilo ni halali, lakini lina mtangulizi wake ambaye hajapewa uzito anaostahili, nalo ni iwapo neno linalotafutwa halimo tayari vinywani mwa wasemaji. Picha za sayari kibete iitwayo Ceres zinatoa fursa nzuri ya kulichunguza swali hilo la awali.

Ceres, yenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, iligunduliwa na Giuseppe Piazzi mjini Palermo tarehe 1 Januari 1801. Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kiliingia katika mzingo wake tarehe 6 Machi 2015, kikaipiga picha mpaka mafuta ya kukielekeza yalipokwisha mwishoni mwa Oktoba 2018. Picha hizo, zilizopigwa kwa kamera iliyotengenezwa Ujerumani, zimewekwa katika hifadhi za umma, na mwenye intaneti anaweza kuzichukua bila malipo wala ruhusa. Kwa maana hiyo, mwanafunzi wa Ruhembe, huko Kilosa karibu na Mikumi, ana haki ileile aliyonayo profesa wa Göttingen. Hata hivyo, haki ya kutazama si uwezo wa kusoma. Maelezo yanayoambatana na picha hizo yameandikwa kwa Kiingereza, na picha ya ardhi ngeni isiyo na maelezo ni madoa meusi na meupe tu.

Mfano ulio wazi zaidi ni shimo la Occator. Upana wake ni kilomita 92, yaani zaidi ya mara nne ya Ngorongoro, na katikati yake mna mabaka meupe yaliyowashangaza wengi mwaka 2015. Mwaka uliofuata watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya weupe huo ni kabonati ya sodiamu. Istilahi hiyo imetoholewa vizuri na haina kosa. Lakini mpishi wa Ruhembe anayetaka makande yake yaive upesi hutia chunguni kitu cha jamii hiyohiyo, naye hukiita magadi. Neno hilo limo katika jina la Ziwa Magadi nchini Kenya, na kitu chenyewe kimejaa katika Ziwa Natron upande wa Tanzania. Karibu na ziwa hilo la pili umesimama Oldoinyo Lengai, mlima ambao lava yake yenye kabonati ya sodiamu hutoka ikiwa nyeusi, kisha hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi ikikutana na unyevu wa hewa. Kule Ceres, maji ya chumvi yalipanda kutoka chini, maji yakatoweka, magadi yakabaki juu. Njia si moja, ila mazao yanafanana kiasi kwamba ni vigumu kupata wasemaji wa lugha nyingine walio tayari zaidi kuielewa picha hiyo kuliko wa Afrika Mashariki. Pamoja na hayo, mwanafunzi huyo akifika sekondari hufundishwa jina la Kiingereza la kitu hicho kana kwamba hajawahi kukionja.

Wapo watakaopinga kwamba magadi ya sokoni si kabonati ya sodiamu halisi, bali ni mchanganyiko. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini neno chumvi nalo lilianza jikoni, likapanuliwa na wanakemia hata likabeba kundi zima la kampaundi, na hakuna aliyelalamika. Fomula na idau kabonati ya sodiamu. Maelezo ya picha yaseme magadi.

Ugumu halisi uko kwingine, katika majina ya maumbo. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia hutumia maneno ya Kilatini kutaja umbo pekee, bila kudai chanzo chake. Uangalifu huo una maana, kwa kuwa mara nyingi picha hupatikana kabla ya chanzo kujulikana. Maneno mengi ya Kiswahili, kinyume chake, yamebeba chanzo ndani yake. Mkulima wa miwa wa Ruhembe hawezi kuliita korongo mfereji: huu umechimbwa na mtu, lile limechimbwa na mvua. Atakayeandika kwamba Ceres ina makorongo atakuwa amedai, pengine bila kukusudia, kwamba maji yalitiririka juu ya uso wake. Kasoko, neno linalopendwa na vitabu vya jiografia, limezoeleka pamoja na volkano, ilhali mashimo mengi ya Ceres yametokana na mapigo ya miamba kutoka angani. Kwa picha hizi neno shimo, japo halina heshima ya kitaaluma, ni la kweli zaidi; na ufa, bonde na mwinuko yanafaa kwa sababu hiyohiyo. Wanaistilahi wetu, waliozoea kupima neno kwa ufupi na unyambulikaji wake, hawana budi kuongeza kipimo hiki.

Neno maporomoko linahitaji uangalifu wa namna yake. Kabla ya msiba wa Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, Watanzania wengi walilitumia kwanza kwa maji yaangukayo. Baada ya hapo maporomoko ya tope yakawa maneno ya kila nyumba. Mwaka 2017 watafiti walieleza aina tatu za maporomoko katika Ceres, zote zikihusishwa na barafu iliyomo ardhini. Ingefaa mporomoko libaki kuwa tukio, na maporomoko yawe kile kinachoonekana pichani baada ya tukio, huku kijalizo cha tope, mawe au barafu kikiwa cha lazima.

Kiswahili, kwa kweli, kimekwisha kufika Ceres. Maumbo ya huko hupewa majina ya miungu ya kilimo na sherehe za mavuno za mataifa mbalimbali. Limo shimo la Kaikara, mungu wa kike wa mavuno wa Wanyoro wa Uganda, na umo mwinuko mpana unaoitwa Kwanzaa, kutokana na sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga nchini Marekani mwaka 1966 kwa kulitwaa fungu la maneno matunda ya kwanza. Mwanasarufi anaweza kucheka kwamba matunda yameachwa nyuma na irabu moja imeongezwa. Kicheko hicho ni cha haraka mno. Wamarekani Weusi walilichukua neno wakalifanyia kazi. Wasemaji wa pwani na bara nao wanaweza kupeleka yao, kwani jamii nyingi za Tanzania zina matambiko ya mvua na mavuno yenye majina yasiyokusanywa ipasavyo, na wazee wanaoyajua wanapungua.

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza bila kusubiri kamati. Wanafunzi wa uzamili wapewe picha kumi za Occator, waziandikie maelezo wakisaidiwa na wanajiolojia, kisha maelezo hayo yasomwe mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne na wakulima wa Ruhembe, ili ionekane neno gani linakwama na neno gani linapita. Picha za mwaka 2018, ambazo baadhi zilipigwa Dawn ikiwa kilomita 35 tu juu ya uso wa Ceres, zinatosha kwa kazi hiyo.