Khayega Tunauliza Utamu, Kiwandani Wanauliza Kilo

Wasee, ukinunua muwa wa kutafuna hapa Khayega, swali ni moja tu: "Ni mtamu?" Hakuna mtu huuweka kwa mzani. Sasa panda matatu uende upande wa Malava na Kabras, kwenye viwanda. Huko mkulima amezoea kulipwa kwa tani. Utamu hakuna anayemuuliza.

Shida inaanzia hapo. Muwa ukomae ama ukatwe ukiwa mchanga, tani ni tani. Mwenye haraka anakata mapema, na aliyevumilia haongezwi kitu kwa subira yake. Kiwanda nacho kinasaga maji mengi, sukari kidogo. 2023 mambo yaliharibika hadi serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, miwa ikomae kwanza.

Dawa ipo, na si uchawi. Kuna mashine inayomulika miwa iliyopondwa kwa mwanga wa infraredi, ule macho hayaoni. Sukari, maji na nyuzi, kila moja hunyonya mwanga kivyake. Mashine inasoma mwanga uliorudi, inalinganisha na sampuli zilizopimwa maabara, na ndani ya dakika chache unajua kiwango cha sukari. Australia wameitumia miaka mingi. Hata makapi yakipimwa hivyo, fundi anajua saa hiyo hiyo kama sukari inatupwa, anarekebisha mitambo.

Lakini sishangilii mashine peke yake. Muwa ukishakatwa, sukari huanza kupungua, na jua linazidisha. Trekta ikichelewa siku tatu, mashine itasoma chini. Hasara ni ya nani? Tukinyamaza, ni ya mkulima, na sasa atakatwa pesa kisayansi.

Sheria ya Sukari ya 2024 ilirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya. Maoni yangu: mashine ikaguliwe na mtu asiyelipwa na kiwanda. Saa ya kukata muwa iandikwe, na kiwanda kikichelewesha usafiri, kibebe hasara. Halafu matokeo yaingie kwa simu ya mkulima kabla trekta haijatoka getini. Tunatumiana pesa kwa simu kila siku, namba moja ya sukari itashindikanaje?

Niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii. Anayepima akiwa ndiye anayelipa, mwenye shamba lazima aone kipimo.

Kama kwenu mnalima miwa, uliza mzee leo: ashawahi kuambiwa muwa wake una sukari kiasi gani? Weka jibu hapa chini.